Mama Mkwe Alipoingia Bodi ya Shule

Mama mkwe wangu hajui kunong'ona. Anajaribu, nami nimemshuhudia akijaribu, hasa mazishini na hospitalini, lakini mnong'ono wake unafika ng'ambo ya barabara. Mwenyewe husingizia mashine ya kukandia unga. Anasema ujana wake wote aliumaliza akishindana na mngurumo wa ile mashine, na siku tuliponunua nyingine iliyo kimya, koo lake lilikuwa limekwisha zoea. Mtaani wanamwita Tarumbeta. Jina hilo analijua na halimkeri. Ukimwita hivyo mbele yake atakugeukia akuulize, "Unataka mkate au unataka muziki?"

Mimi ni mke wa mwanawe wa pekee. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, leo yuko mpakani, kesho bandarini, kwa hiyo niliyeishi naye hasa tangu nilipoolewa, ukweli usemwe, ni mama yake. Shangazi zangu walikuwa wamenitisha: yule mama ni mkali, utajuta. Mkali ni kweli. Lakini nilipojifungua binti yangu na homa ikanilaza, ni yeye aliyenilisha uji kwa kijiko huku akinigombeza kwamba nakula polepole. Ndivyo anavyopenda watu. Ukiona hakugombezi, ujue hana habari nawe.

Kiwanda chetu cha mikate ni chumba kirefu nyuma ya nyumba. Tanuri la matofali liko mwisho kabisa, katikati kuna meza mbili za mbao zilizopauka kwa unga, na kando ya mlango kuna dirisha dogo linalotazama uchochoro, ambapo wateja husimama na kupokea mikate ingali moto. Kupitia dirisha hilo mama mkwe aliendesha mtaa mzima. Aliulizia wagonjwa, alisuluhisha wagomvi, aliwaambia wasichana nani wa kuolewa naye na nani wa kumkimbia. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo siku alipochaguliwa kuingia bodi ya shule. Nilishangaa tu kwamba walichelewa.

Shule yenyewe ni ya msingi, ya umma, mitaa miwili kutoka kwetu, yenye ukuta wa rangi ya udongo na bomba la maji ambalo watoto hulipigania kila mapumziko. Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Wakati huo walimu wakuu walikuwa wanapita pale kama wageni wa hoteli. Huyu anakuja, anapanga vitabu vyake kabatini, na kabla hujamzoea sura unasikia ameomba uhamisho. Wazazi tulisema ni bahati mbaya. Wengine walisema shule ina mkosi. Hakuna aliyeitazama bodi.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu, mwembamba, suruali zake zimenyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata karatasi. Tulimwita Mzee Mpima. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti muda mrefu hata waliomchagua walikuwa wameshakuwa mababu. Niseme mapema ili nisimsingizie: hakuna aliyewahi kumshuku kwamba ameiba hata kipande cha chaki. Tatizo lake lilikuwa jingine. Vikao alikuwa anaitisha kwake, sebuleni, akawaita wale aliowakumbuka, na wakati mwingine hakuita mtu, akaamua peke yake kisha akatangaza, "Bodi imeamua." Na wajumbe wengine, kwa kuwa hawakuwa na kikao cha kusemea, kila mmoja alijichukulia kona yake ya shule akaitawala. Mmoja alikuwa na ratiba yake, mwingine na michezo yake, mwingine alisimama langoni asubuhi kukagua viatu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi, siku ya mkutano wa wazazi kipaza sauti kikafa. Mwalimu mkuu mpya, mwanamke mdogo kiumbo na mwenye sauti laini, alikuwa anazungumza na watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba hawasikii. Mama mkwe akasimama kwenye kiti chake. "Endelea, Mwalimu," alisema, "mimi nitawafikishia." Na kila sentensi aliyosema yule mwalimu, yeye akairudia kwa sauti ya kuuzia mikate, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza mpango wa masomo ya mwaka. Watu walicheka wakafurahi. Ilipofika kujaza nafasi moja ya mjumbe iliyokuwa wazi, kuna mtu akaita, "Tarumbeta!" na mikono ikainuka kama mahindi shambani.

Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Miezi iliyofuata sitaki kuieleza kwa kirefu, kwa sababu nampenda. Aliingia shuleni kama aliyekabidhiwa funguo. Asubuhi, tukishamaliza kuchoma, alivua aproni, akafunga kilemba safi, akaenda. Alianza na jikoni, akamwambia mpishi uji wake una mabonge na akaukoroga mwenyewe. Akaingia darasa la tatu katikati ya somo, akamwinua mtoto wa watu kwenye dawati la mbele akamkalisha mjukuu wake, kwa maelezo kwamba mtoto haoni vizuri. Binti yangu anaona mpaka ya jirani. Alirudi siku hiyo analia kwa aibu.

"Mama," nilimwambia kwa adabu zote, "pengine mwalimu ndiye apange nani akae wapi."

"Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kuona kila kitu. Mimi ni bodi."

"Bodi ni watu saba, mama."

"Basi mimi ndiye ninayefanya kazi."

Nikarudi kwenye trei zangu. Mke wa mwana ana mipaka yake.

Aliyesema ni mwalimu mkuu. Alikuja kiwandani mwenyewe, asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imepungua. Alibisha hodi mlangoni badala ya dirishani, nikajua kuna jambo. Mama mkwe akampangusia kiti, akamkatia mkate, akampakia siagi kwa mkono wake. Mwalimu aliushika ule mkate bila kuula.

"Mama, nimekuja kukuaga kabla hujasikia kwa watu," alisema. "Nimeomba uhamisho."

"Hata wewe? Nani kakuudhi? Nitajie, niende sasa hivi!"

"Ndiyo hayo, mama." Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Mimi nina mabosi saba. Mmoja ananiambia kengele ipigwe mapema, mwingine anaichelewesha. Mmoja anawapanga walimu, mwingine anawapangua. Mpishi amekuja ofisini kwangu kulia. Walimu hawaniulizi tena kitu, wananiuliza bodi imesemaje leo. Nami sijawahi kuiona hiyo bodi imekaa pamoja, hata siku moja."

Mama mkwe akageuka akanitazama, kisha akamtazama tena mgeni.

"Na mimi ni mmoja wao? Katika hao saba?"

Mwalimu aliinamisha uso. "Wewe ndiye unayewahi kufika, mama."

Nilidhani atalipuka. Nilisogeza trei pembeni kabisa ili zisije zikaruka. Lakini alimsindikiza mwalimu mpaka uchochoroni, akarudi, akachota unga, akaanza kukanda kwa mikono ingawa mashine ilikuwepo. Siku hiyo alikanda kimya mpaka wateja wakaanza kuniuliza kwa ishara dirishani: vipi, mama anaumwa? Jioni, tukipangusa meza, ndipo aliposema.

"Mpishi alilia kweli?"

"Nilisikia hivyo, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ungenigombeza," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ambayo haikutoka nje ya chumba.

Kesho yake alinichukua twende kwa Mzee Mpima. Mimi nilibeba mikate, yeye alibeba maneno. Tulimkuta sebuleni kwake, chumba nadhifu mno, ramani za zamani zimekunjwa na kusimamishwa pembeni kama miavuli, na kando ya dirisha kuna kiti kimoja chenye kitambaa cha maua ambacho hakutukaribisha kukikalia. Kilikuwa cha marehemu mkewe. Simu yake ilikuwa juu ya meza, katikati, imewekewa kitambaa chini yake. Tulipokuwa tumekaa iliita mara moja, akairukia kama kijana. Ilikuwa ni mzazi anayeulizia sare. Alimjibu kwa furaha, kwa urefu, na baada ya kuikata alibaki anaitazama.

Niliielewa ile simu. Naamini mama mkwe naye aliielewa, maana alianza kwa upole ambao si wake.

"Kaka yangu, mwalimu mkuu anaondoka."

"Wote huondoka. Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu."

"Anaondoka kwa sababu yetu. Hatukai, hatusikilizani, kila mtu anatoa amri yake. Tukae shuleni, sote saba, na mwalimu awepo. Tuseme mambo yaeleweke."

Mzee akanyoosha mgongo. "Dada, mimi nimeiongoza shule hii tangu haina hata uzio. Nilipokuwa nakimbizana na vibali, hao wajumbe wenzako walikuwa wapi? Wakiitwa hawaji. Nisipoamua mimi, nani ataamua?"

"Wakiitwa sebuleni kwa mtu watakujaje?"

"Aha. Umeingia juzi, leo unataka kunipindua."

Upole ulikwisha hapo. Walirushiana maneno mpaka mimi nikaanza kuhesabu maua ya kile kitambaa. Tuliondoka bila kuagana vizuri, ila niliona mzee ameipokea mikate.

Pengine mambo yangekwama pale kama si habari ya darasa la kwanza. Mwaka ule walikuwa wameandikishwa watoto wengi kuliko vyumba, na mwalimu mkuu alikuwa ameomba bodi ikae itafute njia. Bodi haikukaa. Kumbe Mzee Mpima, labda kwa hasira ya ule ugomvi, labda kwa kutaka kuonyesha kwamba yupo, alisimama langoni Ijumaa wakati wazazi wanachukua watoto na akatangaza: kuanzia Jumatatu darasa la kwanza litasoma zamu ya mchana. Hakumwambia mwalimu mkuu. Hakumwambia mjumbe hata mmoja.

Jumatatu ile nitaikumbuka. Waliosikia tangazo waliwaleta watoto mchana, wasiosikia waliwaleta asubuhi. Asubuhi mwalimu alikuwa na nusu darasa, mchana ikaja nusu nyingine wakati yeye ameshafunga vitabu. Wale wa mchana walikuwa watoto wa miaka sita, wamezoea kulala saa hizo. Walisinzia ukutani na mabegi yao mgongoni, wengine wakalia, akina mama walioacha kazi zao kuwaleta wakaanza kugombana na mlinzi. Mjumbe mmoja akawaambia warudi nyumbani, mwingine akawaambia waingie. Mwalimu mkuu alisimama katikati ya uwanja, jua limempiga usoni, anageuka huku na huku. Mwishowe aliketi chini, palepale kwenye vumbi, akampakata mtoto mmoja aliyekuwa analia, basi.

Mama mkwe alimkuta vile. Tulikuwa tumepeleka mikate ya walimu. Aliweka kikapu chini, akapandisha sauti yake yote aliyopewa na Mungu.

"Wazazi! Leo watoto wa darasa la kwanza wote nyumbani. Kesho wote asubuhi kama kawaida, watabanana. Alhamisi bodi inakaa bwaloni, milango wazi, kila mzazi aje asikilize!" Kisha akageuka, akapiga magoti karibu na mwalimu. "Nimekosea tena? Nimetoa amri?"

Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. "Hii ya leo nakuruhusu, mama."

Kati ya siku ile na Alhamisi, kiwanda chetu kiligeuka kambi ya siasa. Wajumbe walikuja mmoja mmoja, wakanunua mkate wasiouhitaji, wakainama dirishani. Mzee aondoke, walisema. Kiti ni chako, mama, sisi tuko nyuma yako. Na mama mkwe, sitawaficha, alikitaka kile kiti. Nilimwona akiipiga pasi gauni yake ya zambarau mara mbili. Nilimsikia chumbani kwake akifanya mazoezi: "Ndugu wajumbe." Kisha: "Wajumbe wenzangu." Kisha akakohoa, akarudia la kwanza.

Bwalo lilijaa. Wajumbe walikaa kwenye meza ndefu ya chakula, wazazi tukakaa kwenye mabenchi na wengine wakasimama madirishani. Mzee Mpima alifika peke yake, akavua kofia akaiweka magotini, na katika meza ile hakuna aliyesogea kumkaribia. Katibu wa bodi, mama wa duka la dawa, mwanamke mkimya ambaye hata akikupa dawa huandika maelezo ili asiseme, alifungua kikao kwa sauti ndogo na kumpa mama mkwe nafasi. Kila mtu alijua kitakachofuata.

Mama mkwe alisimama. Alimtazama yule mzee na kofia yake, akamtazama mpishi aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na nikaona maneno ya chumbani yamemtoka kichwani yote.

"Nilikuja kumsema mwenyekiti," alisema. "Nitamsema, msiwe na haraka. Lakini nyani haoni kundule. Mimi hapa nimeingia jikoni kwa watu nikakoroga uji usio wangu. Mpishi, samahani. Nimemhamisha mtoto wa mtu dawati ili mjukuu wangu akae mbele. Mwalimu wa darasa la tatu, samahani, na mtoto yule arudi mahali pake. Hakuna aliyenituma. Nilidhani kuwa kwenye bodi ni kuwa bosi wa kila mtu. Sasa, kama na ninyi wenzangu mna yenu, semeni, halafu ndipo tumgeukie mzee."

Watu waligeuka kwenye mabenchi wakatazamana. Kisha mjumbe wa viatu akakohoa, akasema naye huwarudisha watoto nyumbani kwa viatu vilivyochakaa na sasa anafikiri si kazi yake. Wa ratiba akafuata, akajitetea kwanza, wazazi wakamzomea kidogo, akakubali. Waliocheka walicheka, lakini halikuwa cheko la ubaya.

Mzee Mpima alisimama wa mwisho. "Mimi sina mengi," alisema. "Nilizoea. Mke wangu alipofariki niliona mahali pekee ninapohitajiwa ni hapa. Nikawa sitaki mtu aniguse hapa." Akaigeuza kofia yake. "Nilikosea kuhusu watoto wale. Niliwaona ukutani. Sikulala vizuri."

Mtu akapiga makofi madirishani, akanyamazishwa na mama yake.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mwalimu mkuu aliulizwa na bodi anataka nini. Alijibu bila kutafuta maneno, kama mtu aliyeyabeba muda mrefu. Bodi ikae shuleni kila mwezi, siku inayojulikana, na wazazi waweze kuja. Bodi iseme shule iende wapi, na yeye aachiwe kuipeleka. Akishindwa, wamuulize yeye, si mpishi wala mlinzi. Na bodi ikishaamua jambo, hata aliyelipinga asiende kulipindua langoni. Walijadili mpaka jua likahama dirisha. Wakakubaliana, wakaongeza na moja la mama mkwe: hakuna mjumbe kukaa zaidi ya vipindi viwili, mwenyekiti akiwemo. Alilisema huku akimtazama mzee, na mzee akainua mkono kuliunga.

Habari ya vyumba vya darasa la kwanza ilipatiwa dawa na mzee huyohuyo. Alisema bwalo hili ni kubwa kupita linavyotumika asubuhi, likigawanywa kwa ukuta wa mbao unaokunjwa, darasa moja linaingia kabla ya chakula. Kesho yake alikuja na utepe wake wa kupimia, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumshikia ncha, alishika mama mkwe.

"Nyoosha, dada. Umeulegeza."

"Nimenyoosha! Wewe ndiye umepinda."

"Mimi sijapinda tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana hatukuwezi."

Walimaliza kupima wakaendelea kubishana mpaka mafundi seremala wakawaomba watoke nje.

Uchaguzi wa mwenyekiti ulifanyika mwisho wa muhula, Mzee Mpima alipomaliza muda wake. Waliosimama ni wawili, mama mkwe na mama wa duka la dawa. Mama mkwe alishindwa kwa kura moja.

Alitoa pongezi vizuri, mbele za watu. Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Alinuna wiki nzima. Mikate ya wiki ile ilikuwa na chumvi kiasi kwamba wateja waliuliza kama tumebadilisha maji. Alijua wajumbe wenzake mmoja mmoja, akawapigia hesabu, na hesabu ikamwangukia mtu mmoja. Mzee Mpima alipokuja dirishani asubuhi moja kuchukua mkate wake, hakumpa.

"Ni wewe," alimwambia.

"Ni mimi," alisema mzee.

"Nilikushikia utepe!"

"Ulinishikia. Lakini, dada yangu, wewe na mimi ni kitu kimoja. Ungekaa kwenye kile kiti ukaanza vizuri, kisha ukachoka kusubiri watu waseme, ukaamua mwenyewe. Yule wa dawa hana pupa. Anasubiri. Na wewe, akiwa yeye kwenye kiti, hakuna atakayeweza kukufunga mdomo ukiona kosa. Pale ndipo unapofaa."

Nilikuwa nimesimama nyuma na trei mikononi. Niliona bega la mama mkwe likitikisika nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akachukua mkate uliochomwa vizuri kuliko yote, akausukuma dirishani. "Haya, toka hapa. Ukubwa ni jaa. Yule wa dawa abebe takataka, mimi nibaki na mikate yangu."

Mwalimu mkuu aliliondoa lile ombi la uhamisho. Yupo mpaka leo, na nywele zake zimeanza mvi palepale kwetu. Mpishi na mama mkwe walipatana kwa namna yao: mama haingii jikoni, mpishi humletea uji dirishani ili amwambie kama una mabonge. Vikao vinakaa kila mwezi. Vingine havina maana kabisa. Waliwahi kujadili rangi ya lango vikao vitatu, na mama mkwe alirudi akitupa kilemba kitandani kwa hasira, "Bluu! Watu wazima tumebishana bluu gani!" Lakini cha nne alikuwa wa kwanza kufika.

Kunyamaza ndiko kulikomsumbua zaidi. Mwenyekiti mpya alikuwa na desturi ya kumpa kila mjumbe zamu ya kusema, na ya mama mkwe ilikuwa mbali kwa sababu alipenda kukaa mwisho wa meza. Akabuni kwenda na pipi ngumu. Akiona maneno yanampanda, anatia pipi mdomoni. Binti yangu alimwambia atang'oka meno, akamjibu meno yanauzwa, lakini mwalimu mkuu mzuri hauzwi.

Mwaka huu vipindi vyake viwili vimekwisha. Alijaribu kumshawishi mwenyekiti kwamba miezi aliyoingia katikati isihesabiwe. Mama wa duka la dawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa sauti yake ndogo, "Mama, kanuni hiyo uliileta wewe." Alikuja kunisimulia akiwa amefura, akasimulia tena, na mara ya tatu tayari alikuwa anamwigiza yule mama na sote tumeshika mbavu, hata mume wangu aliyekuwa amerudi safari siku ile na hakujua tunacheka nini.

Jumamosi iliyopita ulikuwa mkutano wa wazazi. Alikaa nasi kwenye mabenchi, kati yangu na Mzee Mpima, gauni ya zambarau, pipi mkobani. Walipofungua maswali aliinua mkono kama wengine. Akapewa nafasi. Swali lake lilikuwa juu ya bomba la maji, lilianza na historia ya bomba lenyewe, likapitia kwa mafundi waliowahi kulitengeneza na watoto wa mafundi hao, na lilipokuwa limefika kwa jirani wa fundi wa pili, mwenyekiti alikohoa kwa adabu.

"Mama, fupisha kidogo."

"Nafupisha," alisema, akaendelea.